Maneno Chini ya Picha: Kuzisoma Albamu za Kipupwe za Mbulu na Hanang

Kila mwaka ikifika Juni, shule zikifungwa na kipupwe kikianza kuuma, kuna aina moja ya maandishi inayojaa kwenye simu zetu. Watu wanajaza mafuta, wanabeba makoti na chupa za chai, wanaelekea Babati. Wakifika Dareda, wengine wanakata kulia na kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Mbulu. Wengine wananyoosha na lami mpaka Katesh, chini ya Mlima Hanang. Wakirudi wanatuletea albamu: mlima umevaa wingu, barabara imepinda kwenye ukungu, ng'ombe wanavuka, mtoto kajifunika shuka, ngano imeiva. Na chini ya kila picha kuna maneno.

Leo nataka kuongelea hayo maneno. Najua hapa tumezoea kuchambua riwaya na diwani, na kuna mdau atauliza maelezo ya picha yameingiaje kwenye fasihi. Jibu langu ni jepesi. Kwa Watanzania wengi haya ndiyo maandishi ya safari wanayoyasoma mara nyingi zaidi kuliko kitabu chochote. Yana mtindo wake, yana msamiati wake, yana hata tamathali zake za kudumu. Kitu chenye sifa hizo kinastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki vingine.

Nimezifuatilia albamu hizi kwa misimu kadhaa, na tathmini yangu kwa ufupi ni hii: picha zimekua, maneno yamedumaa. Simu za siku hizi zinakamata umande kwenye jani la shayiri. Droni inauzunguka mlima kama tai. Halafu unashuka chini kusoma, unakuta "Mandhari ya kuvutia." Au "Mungu fundi." Au ile inayopendwa kuliko zote, "Uswisi ya Tanzania." Ungeweza kuyahamishia maneno hayo Lushoto, Njombe au Rungwe na hakuna ambaye angestuka. Sentensi inayofaa kila mahali haijafika popote.

Tuanze na hiyo Uswisi. Kiswahili kina urithi mkubwa wa kuandika safari, na urithi huo ulianza kuchapwa zamani. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa Ujerumani kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Ndani yake mna habari ya Selim bin Abakari, mtu wa Ngazija, ambaye mwaka 1896 alifuatana na Mjerumani aliyekuwa akimtumikia mpaka Urusi na Siberia. Fikiria mtu wa visiwa vyetu vya joto anayesafiri kwenda kuiona theluji. Kinachonivutia kwake ni kwamba anaandika kwa ajili ya msomaji aliyebaki pwani. Anataja miji kwa majina. Anasema wamepanda chombo gani, wamekaa siku ngapi, watu wa pale wanaishi vipi na wanaabudu nini. Tena kuna mahali yeye mwenyewe ndiye anageuka kioja, watu wanamkodolea macho, naye analiandika hilo pia. Kipimo chake ni kwao. Ugeni wa Siberia anauleta nyumbani mpaka mtu wa Zanzibar auone.

Sisi tunafanya kinyume chake. Tuko nyumbani, tunaazima kipimo cha ugenini. Mbulu inaonekana nzuri kwa kuwa inafanana na mahali ambapo mwandishi na msomaji wake huenda hawajawahi kukanyaga. Kama tashbihi kazi yake ni kuangaza kitu, hii inazima: ukishaambiwa Uswisi unaona kalenda ya ukutani, na Mbulu yenyewe inabaki gizani.

Kuna atakayesema picha inajitosheleza, haihitaji maneno. Mfano wa kumjibu unatoka Mbulu hukohuko. John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Mbulu, aliumia katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaingia uwanjani wa mwisho, mguu umefungwa bendeji, jua limeshazama. Picha zile ni nzito. Lakini kilichozifanya ziishi zaidi ya nusu karne ni jibu alilotoa alipoulizwa kwa nini hakuacha: kwamba nchi yake ilimtuma akamalize mbio, haikumtuma akazianze tu. Toa jibu hilo, inabaki picha ya mtu anayechechemea. Maneno ndiyo yaliyotuambia tunatazama nini.

Sasa twende barabarani, tuone albamu zetu zinatuambia tunatazama nini.

Kituo cha kwanza ni Hanang. Ni mlima wa volkano wenye zaidi ya mita 3,400, umesimama peke yake juu ya tambarare, ndiyo maana unapigika vizuri kutoka kila upande. Kaskazini kuna Ziwa Balangida, ziwa la chumvi ambalo kiangazi hukauka likabaki jeupe, na weupe ule mbele ya mlima wa buluu ni kishawishi ambacho mwenye kamera hawezi kukiacha. Maelezo ya picha mara nyingi husema "Mlima Hanang na tambarare za Mang'ati." Afadhali, hapa angalau pana jina. Lakini jina lenyewe lisome vizuri. Mang'ati ni neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Wamaasai waliwaita hivyo Wadatoga waliopigana nao, na Kiswahili kikalipokea hivyohivyo. Wenyewe ni Wadatoga, na wa huku Hanang ni Wabarabaig. Kwa hiyo kila tunapoandika "tambarare za Mang'ati" kwa nia njema kabisa, tunaandika "tambarare za maadui" juu ya nyumba za watu. Sisemi jina lifutwe kwenye ramani. Nasema anayepita na kamera ya mamilioni anaweza kumudu sentensi moja ya kuuliza jina limetoka wapi.

Halafu kuna Desemba 3, 2023. Alfajiri ile, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliyolowa maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka kwenye Mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Waliokufa walizidi 80. Jorodom, ambako wapanda mlima wengi huanzia safari yao, ni moja ya sehemu zilizopigwa.

Msimu wa kipupwe uliofuata, albamu ziliendelea kama kawaida. Niliona picha moja iliyopigwa kwa ustadi kweli: mwanga wa asubuhi unaanguka ubavuni, na michirizi ya lile poromoko inaonekana imechorwa juu ya kijani. Maelezo yake yalisifia "mistari ya asili." Nilikaa nayo muda mrefu. Mpiga picha hakuwa na ubaya. Pengine alikuwa mgeni, aliona umbo, akalipenda. Lakini hapo ndipo ninapoona kwamba maneno chini ya picha ni suala la uadilifu kabla hata ya kuwa suala la mtindo. Mtu wa Katesh anauona mstari uleule, na kwake ni njia ambayo tope lilipita kwenda kwa jirani yake. Neno "mandhari" lenyewe lina asili ya Kiarabu, na mzizi wake ni kutazama. Mandhari ni kile kinachotazamwa. Neno halisemi nani anatazama. Hiyo ni kazi ya mwandishi, na ukiikwepa, kovu la watu linageuka pambo.

Toka Katesh uelekee magharibi, unafika Basotu. Hapa ndipo penye picha pendwa ya Julai: ngano imeiva, shamba halina mwisho, mashine ya kuvunia inatimua vumbi la dhahabu, ziwa la Basotu liko pembeni, na mlima nyuma. Nakiri ni picha tamu. Maelezo yake huwa "bahari ya dhahabu." Hebu tuisome bahari hiyo.

Kuanzia miaka ya 1970, serikali kupitia shirika lake la kilimo na chakula, NAFCO, ilianzisha hapa mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada. Yalifika mashamba saba, karibu ekari laki moja kwa jumla. Ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig, tena malisho ya maana zaidi, maana ng'ombe huzungushwa kwa misimu na nyanda zile zilikuwa sehemu ya mzunguko. Yalikuwemo pia makaburi ya wazee wao, yale ya vilima vya udongo wanayoyaita bung'eda, na trekta zililima mpaka juu ya baadhi yake. Mwaka 1981 wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi; mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Moja ya hoja zilizowaangusha ni kwamba hawakuwa wamethibitisha mbele ya mahakama kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, halafu irudie ile picha. Mtu aliyezaliwa pale, mwenye kaburi la babu yake pale, alitakiwa kuthibitisha kuwa ni mwenyeji. Mpiga picha aliyelala Babati jana anaandika "kwetu kuzuri" na hakuna anayemdai ushahidi.

Kuna kitu kingine ambacho kamera haiwezi kukionyesha. Kati ya mashamba yale saba, mawili yaliitwa Waret na Gidagamowd. Baada ya maporomoko ya 2023, walionusurika walijengewa makazi mapya, na ukisoma habari zake unakutana na majina hayohayo: Waret, Gidagamowd. Kwa hiyo jina moja lina tabaka tatu: malisho, shamba la ngano, nyumba za walionusurika. Mshairi angetoa nini apate neno lililobeba yote hayo! Sisi tunalo bure, limeandikwa kwenye vibao vya njiani, na tunalipita tukitafuta maneno kama "bahari ya dhahabu."

Kutoka Basotu unapita Haydom, halafu unazidi kupanda kwenda Mbulu. Baridi inabadilika. Asubuhi za Julai huku ukungu unakaa barabarani hadi saa nne, na mtu wa Dar anaelewa kwa nini kila mzee kavaa koti zito na kofia ya sufu. Mashariki ya mji wa Mbulu, upande wa Kainam, ndiko Irqwar Da'aw, kitovu cha Wairaqw. Picha za huku ni za vilima vilivyogawanywa vipandevipande: mahindi, maharage, vitunguu saumu, majani ya mifugo, kila kipande na rangi yake. Watu wanaandika "uumbaji wa ajabu." Ajabu ni kweli, ila uumbaji huo una majembe ndani yake. Wairaqw wamekuwa wakulima makini wa miteremko hii kwa vizazi vingi, wakirudishia udongo samadi na kuzuia maji yasiuchukue. Kinachopigwa picha ni kazi ya mikono ya watu.

Na kuna jambo la huku ambalo kila mwenye kamera alifahamu kabla hajafungua lenzi. Zamani, enzi za uvamizi wa kuiba ng'ombe, Wairaqw walijenga nyumba zao kwa kuchimba ubavuni mwa kilima, paa likafunikwa udongo likawa sawa na mteremko. Mtu aliyekuwa mbali aliona kilima tu. Yaani hawa ni watu waliojua kwa undani thamani ya kutoonekana. Mandhari yao iliumbwa ili mpita njia atazame asione kitu. Nikiiwaza habari hiyo huwa nauona utani ndani yake: tumefika na droni, tumepiga kilima chote, tumeandika "kimya na utulivu," na wenye nyumba bado hawajaonekana.

Magharibi ya Mbulu, ardhi inaporomoka kwenda bonde la Yaeda. Yaeda Chini ni nyumbani kwa Wahadzabe, na hapa albamu nyingi zinabadilika: picha za nchi zinageuka picha za watu, ila watu wenyewe wanapigwa kama nchi. Mzee na upinde wake, jina hakuna. Kijana na nyani aliyemwinda, jina hakuna. Mbwa wa mpiga picha anatajwa jina, mzee hatajwi. Maelezo yanasema "binadamu wa mwanzo" au "walioganda katika wakati." Sasa watu hao walioganda, mwaka 2011 walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya ardhi yao ya pamoja, jambo ambalo jamii nyingi zenye mawakili mjini hazijalipata. Walikaa vikao, walichora mipaka, walitia saini. Huo ni ujanja wa karne hii. Ukimwandika mtu kana kwamba yuko nje ya wakati, umemtoa pia nje ya madai, maana aliye nje ya wakati hawezi kuidai ardhi leo.

Kwa mpenzi wa lugha, bonde hili na vilima vyake lingekuwa jambo la kusimamisha gari. Wairaqw wanasema lugha ya Kikushi. Wadatoga wanasema lugha ya Kinailoti. Wanyiramba na Wanyaturu wa jirani ni Wabantu. Wahadzabe wana lugha yao yenye vidoko ambayo haijathibitika kuwa na ndugu yoyote duniani. Kukutana kwa makundi haya makubwa katika eneo dogo hivi ni kitu ambacho Afrika nzima ni adimu. Siku ya mnada unaweza kuyasikia yote kabla chai haijapoa. Na albamu ya kipupwe iliyopita hapo haina sauti hata moja. Hakuna "nilimsalimia akanijibu hivi." Dirisha la gari limefungwa kwa sababu ya baridi, na kweli maandishi yanasikika kama yameandikwa nyuma ya kioo.

Rafiki yangu mmoja, mpiga picha wa likizo hasa, nilimsomea rasimu ya haya akacheka. "Wewe unataka nikienda likizo nirudi na tasnifu? Mtu kachoka na kazi, kaenda kupumzisha macho." Hoja yake naiheshimu, tena ina nguvu kuliko alivyoisema. Uzuri wa Hanang si uongo. Kupumzika si dhambi. Na watu wa Katesh wenyewe wanataka wageni: waongoza watalii, mama lishe, wenye vyumba vya kulala wageni. Baada ya 2023, kuwaambia watu wasiende, au waende wakiwa wamenuna, kungekuwa ni kuwaadhibu waathirika mara ya pili. Nendeni. Pigeni picha.

Ila tofauti ninayoitaka haizidi maneno kumi na tano. Badala ya "Mandhari ya kuvutia," andika: "Hanang kutoka Katesh, Julai. Ule mstari ubavuni ni tope la Desemba 2023." Badala ya "Bahari ya dhahabu": "Ngano ya Basotu. Kabla ya trekta, hapa walilisha Wabarabaig." Badala ya "Uumbaji wa ajabu": "Vitunguu saumu vya Kainam, mwenye shamba anasema mwaka huu umande umechelewa." Hakuna tasnifu hapo. Ni zile habari alizotupa Selim bin Abakari zaidi ya miaka mia moja iliyopita: wapi, lini, nani, na yeye kasemaje. Tena angalia, picha haijapungua uzuri wake. Nadhani imeongezeka, kwa sababu sasa msomaji ana sababu ya kurudi juu kuitazama mara ya pili.

Kipimo changu cha uhakiki kwa albamu hizi, basi, ni kimoja: je, maneno yanajua kitu ambacho picha haikuweza kukionyesha? Kama hayajui, yafute, ubakize jina la mahali na tarehe. Hilo nalo ni maandishi ya heshima. Nafasi iliyoachwa wazi chini ya picha haimdanganyi mtu. Na kama aliyepigwa hakuulizwa jina, iache picha hiyo kwenye simu yako.

Kuna wachache wanaoandika vizuri, na nimewaona. Kwa kawaida si wenye kamera kubwa. Ni mwalimu wa Dongobesh anayepiga ukungu uleule kila asubuhi na kuandika ni mtoto gani amechelewa kwa sababu ya daraja. Ni dereva wa lori anayejua kila kona ya Dareda kwa ajali zake. Wao hawaandiki "mandhari." Wanaandika barabara, mvua, bei ya mbaazi, jina la aliyewapa lifti. Nikiulizwa na mhariri wa kesho atafute wapi maandishi ya safari ya Kiswahili cha leo, nitamwelekeza kwao kwanza.

Kipupwe kijacho albamu zitarudi, nami nitazisoma. Ukipita Katesh, teremka garini, baridi haiui. Muulize mtu ule upande wa mlima unaitwaje. Akikujibu, una sentensi yako.